Trela Kuukuu la Hema: Linafaa Kufufuliwa au ni Mzigo?

Safari hii tunazungumzia chombo ambacho wengi wetu hatujakiona kwa macho, nacho ni trela la kulala. Likifungwa linafanana na sanduku pana la bati lenye magurudumu mawili. Likifunguliwa paa lake linapanda juu, vitanda viwili vinavutwa nje huku na huku, kuta za turubai zinakazwa, na hapo mna kijumba cha kulala watu watano au sita.

Kikundi kimoja cha akina mama na vijana upande wa Gilgil kiliniita nikalione moja kabla hawajatoa akiba yao. Familia ya wageni ilikuwa imelileta nchini kutoka Marekani, ikalitumia miaka kadhaa kisha ikahama. Trela likabaki nyuma ya ghala la watu, kuku wakitaga chini yake. Mwenye uwanja alitaka liondoke, na bei aliyotaja ilikuwa ndogo.

Nikiri kwamba siku hiyo nilienda na jibu langu mfukoni, nalo lilikuwa hapana. Nimeona vikundi vikinunua mashine ya kusaga isiyosaga na jenereta isiyowaka, kwa sababu tu bei ilikuwa nzuri. Lakini mweka hazina wao, mama wa makamo anayeuza mitumba, aliniuliza, "Mwalimu, mimi nimezaliwa karibu na Ziwa Naivasha. Maisha yangu yote nimepita pale kwa matatu. Unajua sijalala kando ya lile ziwa hata usiku mmoja? Kwani ni wageni tu wanaochoka?"

Sikuwa na la kumjibu. Mpango wao ulikuwa wa aina mbili: kulikodisha kwa familia zinazotaka kupiga kambi Jumamosi na Jumapili, na mara moja kila miezi mitatu wanachama wenyewe waende kwa zamu. Basi tukavua makoti tukaanza kulikagua. Haya hapa ndiyo tuliyojifunza, pamoja na makosa yetu.

Limetoka wapi

Huko Marekani matrela haya yalipendwa sana na watu wa kipato cha kawaida kwa sababu ni mepesi, gari dogo la nyumbani linaweza kuyavuta, na likifungwa halipigwi sana na upepo. Mmoja wa waliosifika kwa kuyaunda ni Lloyd Bontrager wa Middlebury, jimbo la Indiana. Mwaka wa 1968 yeye na mkewe Bertha walianzisha kampuni ya Jayco kwenye shamba lao, wakianzia katika mabanda ya kuku na ghala. Alichobuni ni namna ya kuinua paa lote kwa kuzungusha mkono mmoja tu. Nawatajia hilo la mabanda ya kuku kwa sababu kuna wanaosema hiyo ni teknolojia ya ajabu isiyoguswa na fundi wa kwetu. Ukweli ni kwamba ni fremu ya chuma, mbao, bati, waya na turubai. Vyote vina mafundi hapa.

Makaratasi kabla ya kitu kingine

Wengi hupenda kuanza na rangi. Sisi tulianza na makaratasi, na hapa ndipo nusura tukwame.

Katika Kenya trela lina usajili wake lenyewe, mbali na gari linalolivuta. Nambari yake huanza na herufi Z, na lina logbuku yake. Msidanganywe na muuzaji anayesema ati trela ni kama mkokoteni, halihitaji kitu. Mkishikwa barabarani hamtakuwa na neno. Uhamisho wa umiliki hufanywa kwa NTSA kupitia mtandao wa eCitizen, na jina lililo kwenye rekodi ndilo la mtu anayeweza kuuza. Mwenye uwanja si mwenye trela.

Kuna mtego wa pili ambao hata mimi sikuujua mpaka tulipoulizia. Baadhi ya wageni huruhusiwa kuingiza vitu vyao nchini bila kulipa ushuru. Kitu kama hicho kikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, ushuru unarudi kudaiwa. Kwa hiyo bei ndogo inaweza kuwa na mkia mrefu. Kikundi kilimwambia muuzaji waziwazi, "Tutalipa siku makaratasi yatakapokuwa safi." Walingoja miezi minne. Vijana walinung'unika, lakini mweka hazina alikaa na funguo za sanduku kama kuku anayelalia mayai.

Bisibisi na pua

Siku ya ukaguzi msibebe pesa. Bebeni bisibisi, tochi na mtu mwenye pua nzuri. Fungueni trela lote halafu mwingie ndani mkae kimya kidogo. Harufu ya unyevu ni ushahidi. Mahali maji yalipoingia ndipo palipooza, na mara nyingi si pale unapoona doa, kwa sababu maji hutembea ndani ya mbao kabla ya kujitokeza.

Chomeni sakafu kwa ncha ya bisibisi kila hatua moja, hasa pembeni, mlangoni na chini ya sinki. Mbao nzima inakataa. Iliyooza inakubali kama mkate. Fanyeni hivyo hivyo kwenye kingo za paa, maana mapaa mengi ya aina hii ni plaiwudi iliyovikwa bati jembamba, na ubovu hufichwa na hilo bati. Vile vitanda vinavyotoka nje pia vimelazwa juu ya plaiwudi, na hapo ndipo watu watakapolala wakiwa hewani, hakuna ardhi chini yao.

Trela letu lilikuwa na sakafu mbovu upande mmoja na kitanda kimoja kimeoza kabisa. Walikata sehemu mbovu mpaka kufikia mbao nzima, si mpaka pale doa lilipoishia. Waliweka plaiwudi ya milimita 12, ile ya kuhimili maji, karatasi tatu za futi 8 kwa 4, na kila ukingo uliokatwa ukapakwa rangi mara mbili kabla ya kufungwa. Ukingo ndio unaokunywa maji. Kwenye viungo vya paa fundi alitaka kumwaga silikoni kila mahali. Tulimzuia. Silikoni ikishabanduka huacha utando ambao hakuna gundi wala silikoni nyingine inayoshika juu yake vizuri. Ni heri kukwangua ile kuukuu yote, kusafisha, kisha kutumia gundi laini ya kuzibia mapaa.

Fremu ya chini ilikuwa na kutu ya juu juu tu. Hiyo huondolewa kwa brashi ya waya na msasa, halafu rangi ya kuzuia kutu. Lakini kama ukigonga chuma kwa nyundo kinamomonyoka, hasa pale mkono wa kuvutia unapoungana na fremu, mimi nasema mwache hilo trela mwende zenu. Kuchomelea kipande kipya juu ya chuma kilichooza ni kushona kiraka juu ya utando wa buibui.

Winchi ilivunja mkono wa mtu

Paa huinuliwa hivi: mbele kuna winchi yenye mkono wa kuzungushia. Winchi inavuta waya wa chuma, waya unapita kwenye magurudumu madogo chini ya sakafu, unagawanyika kwenda pembe nne, na kila pembe kuna nguzo inayorefuka kama uanteni wa redio. Waya ukivutwa, nguzo nne zinapanda kwa pamoja.

Paa linaweza kuwa na uzito wa watu wawili au zaidi. Likiwa juu, uzito wote umeshikwa na ule waya na ile winchi. Hilo tulilieleza, lakini kueleza si kusikika. Wiki ya pili kijana mmoja alitaka kupaka winchi mafuta. Akaachia kizuizi chake paa likiwa juu. Mkono wa winchi ukazunguka kwa kasi kama feni, ukampiga, mfupa wa mkono ukavunjika. Paa likashuka lote. Namshukuru Mungu hakuna mtoto aliyekuwa ameingia ndani kucheza.

Kwa hiyo shikeni haya. Kabla ya mtu kuingiza kichwa chini ya paa wakati wa matengenezo, wekeni mti au mbao imara kwenye kila nguzo, iliyokatwa kwa urefu sawa, ili hata waya ukikatika paa lisishuke. Winchi isifunguliwe wala kuguswa vizuizi vyake mpaka paa limeshushwa na waya umelegea. Na winchi zile zenye breki ya ndani zina sahani za msuguano ambazo hazitakiwi mafuta hata kidogo. Ukizipaka breki inateleza. Paka meno ya gia, acha sahani.

Waya ukaguliwe kwa kitambaa. Pitisheni kitambaa polepole, na kikinaswa na uzi mmoja wa chuma uliokatika, badilisheni waya wote. Usiunganishwe kwa fundo. Waya wa unene ule ule hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Nguzo zenyewe zisipakwe grisi nzito, kwa maana vumbi letu litageuza hiyo grisi kuwa msasa. Zifuteni, halafu mpulizie mafuta makavu ya silikoni. Nguzo ikiwa imepinda, jueni kwamba kipuri kitatoka mbali na kwa gharama, au fundi wa jua kali aiunde upya akiwa na ile nzima mbele yake kama kielelezo.

Gharama ya hospitali ilizua ugomvi mkubwa kuliko trela lenyewe. Wengine walisema kijana alijitakia, alikuwa ameonywa. Wengine walisema aliumia akifanya kazi ya kikundi, si ya kwao nyumbani. Mikutano miwili iliisha bila uamuzi, na wanachama watatu wakaacha kuleta mchango. Mwishowe walilipa kutoka mfuko wa kikundi, na wakaandika katika katiba yao kwamba anayeumia kazini atatibiwa na kikundi, na kwamba hakuna mtu atakayegusa winchi bila msimamizi aliyetajwa kuwepo. Kama kikundi chenu kina kazi yoyote ya vyuma, andikeni jambo kama hilo leo, kabla ya damu.

Turubai

Hapa akina mama walikuwa walimu na mimi mwanafunzi. Turubai lilikuwa na ukungu mweusi na matobo ya panya. Walilitandaza juani, wakalisugua kwa brashi laini na sabuni ya kawaida na maji, kisha wakapangusa madoa ya ukungu kwa siki iliyochanganywa na maji. Msitumie dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe. Itatoa doa, lakini itaua nyuzi za mshono, na miezi michache baadaye turubai litaachana lenyewe kwenye upepo.

Matobo yalishonewa viraka vya turubai la aina ile ile, kiraka kikizidi tobo kwa vidole vitatu kila upande, na kushonwa mistari miwili. Mishono ikasuguliwa nta. Turubai jipya la pamba lina tabia yake: mara ya kwanza likinyeshewa huvuja kidogo, nyuzi zikishavimba huziba. Kwa hiyo liloweshwe kwa maji na kuachwa likauke kabla ya safari ya kwanza, badala ya wateja kuja kuligundua usiku. Zipu ngumu husuguliwa kipande cha mshumaa.

Chini ya trela

Trela lililokaa miaka mingi linaweza kuwa na matairi yenye meno mazuri kabisa lakini yaliyokufa. Msitazame meno. Tazameni ubavuni, kuna tarakimu nne ndani ya kijisanduku. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa ni 2312, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2012. Likiwa na tarakimu tatu tu, ni la kabla ya mwaka wa 2000, lifanyeni bembea ya watoto.

Beringi ndizo zinazowaacha watu njiani. Zuieni gurudumu moja kwa mawe, inueni la pili kwa jeki, mlishike juu na chini mlitikise. Likicheza, beringi zimelegea. Mlizungushe na msikilize, na likilia kama linasaga mchanga, zimekwisha. Hata likiwa kimya, fungueni. Osheni beringi kwa mafuta ya taa, zikaushwe, mtazame vijimwanzi vyake mwangani. Vikiwa na vishimo au rangi ya buluu ya kuungua, nunueni mpya pamoja na sili yake. Grisi isukumwe ndani kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili, si kupakwa juu juu. Nati ikazwe mpaka mchezo uishe, kisha ilegezwe kidogo sana, na pini ya kuizuia iwe mpya.

Trela la Marekani lina mambo matatu ya kuangaliwa kwetu. La kwanza, mlango. Kwao magari hupita kulia, hivyo mlango uko ubavu wa kulia. Huku kwetu ubavu huo unatazama katikati ya barabara. Msifungue kamwe mkiwa mmesimama kando ya njia. La pili, umeme. Vifaa vyake vya ukutani ni vya volti 120, na vyetu ni 240. Mkichomeka tu, vinaungua. Kikundi kilitoa vyote, kikabakiza taa za volti 12 za betri. Taa za nyuma nazo mara nyingi zinatumia balbu moja nyekundu kwa breki na kwa kukata kona, na dereva wa nyuma yenu atachanganyikiwa, basi fundi aliweka mpya zenye indiketa ya rangi ya chungwa. La tatu ni tufe la chuma nyuma ya gari na kikombe cha trela kinacholishika. La kwetu kwa kawaida ni milimita 50. Vikombe vya Marekani hupimwa kwa inchi, na kuna cha inchi 2, ambacho ni karibu milimita 51. Kitaingia, mtafikiri kimeshika, kumbe kina nafasi. Badilisheni kikombe kiwe cha kipimo cha tufe lenu, na minyororo miwili ya usalama ipishane chini yake.

Jiko lisiingie ndani

Usiku wa Naivasha na Gilgil ni wa baridi, na mtu wa kwetu akisikia baridi hufikiria jiko la makaa. Nawaomba sana. Makaa yaliyoiva, yasiyo na moshi wowote, bado yanatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Kichwa kinauma kidogo, unasikia kichefuchefu na usingizi mzito, na wengi hawaamki. Kuta za turubai zikifungwa kwa ajili ya baridi hazipitishi hewa ya kutosha kuwaokoa. Jiko la ndani la gesi lililokuja na trela lilikuwa na bomba la mpira lililopasuka, na kichwa chake hakikuingia kwenye mitungi yetu. Walilitoa kabisa. Sasa wanapika nje, na anayesikia baridi anapewa blanketi la pili na chupa ya maji moto. Mishumaa pia hairuhusiwi. Sharti hili limeandikwa kwa rangi kwenye mlango, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na mteja anaonyeshwa kabla ya kulipa.

Safari ya kwanza

Trela likiwa na uzito mwingi nyuma huanza kuyumba kama mkia wa samaki, na dereva akikanyaga breki kwa hofu analala mtaroni. Pua ya trela ibebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote, mradi isizidi kiwango kilichoandikwa kwa gari lenu. Trela lililojaa la kilo 600 liwe na kilo 60 hadi 90 puani. Kikundi kiliazima mizani ya kupimia magunia, wakaegemeza pua juu yake. Ilikuwa kilo 35. Ikabidi sufuria, maji na mahema ya watoto vihamishwe mbele ya ekseli.

Walipofika kilomita 15 walisimama, wakagusa vitovu vya magurudumu kwa mkono. Joto la kawaida ni sawa, likiwa la kukuchoma usiendelee. Nati za magurudumu wakazikaza tena baada ya kilomita 50 hivi. Walikubaliana dereva asipite kilomita 60 kwa saa.

Kambini walichagua mahali pa juu, mbali na njia ya viboko, maana usiku viboko hutoka ziwani kula majani na hawatambui trela la mtu. Mweka hazina alipewa kitanda cha upande wa maji. Asubuhi nilimuuliza alilalaje. Akasema hakulala sana, alikuwa akisikiliza.

Siku ya kurudi ilinyesha, wakalazimika kulikunja turubai likiwa limelowa. Hilo huvumilika siku moja, mbili kwa shida, kabla ukungu haujaanza upya. Kwa hiyo kuna zamu. Trela likirudi Jumapili jioni limelowa, Jumatatu asubuhi wawili walio katika zamu hulifungua uwanjani mpaka likauke, hata kama ni wiki ya palizi, na wanatia sahihi kwenye daftari kabla ya funguo kurudi kwa mweka hazina.